Mkopo wa Januari: hesabu ya laki sita kabla hujasaini

Wazazi wengi Tanzania huingia kwenye mkopo mbaya ndani ya wiki chache tu, kuanzia Krismasi hadi shule zinapofunguliwa. Tangazo la "mkopo wa ada" limebandikwa kwenye nguzo ya umeme au limekuja kwa meseji. Mzazi anapiga simu na kuuliza, "Riba yenu ngapi?" Anajibiwa, "Asilimia tatu na nusu tu kwa mwezi." Anaona ni nafuu, anakwenda kusaini. Swali lenyewe ndilo lililomponza. Riba inayotajwa mdomoni haimwambii mtu bei ya mkopo. Bei inapatikana kwa kuuliza mambo matatu kwa pamoja: naondoka na shilingi ngapi mkononi, narudisha ngapi, na kila rejesho ni tarehe gani.

Mtu anaweza kuuliza mkopo wa shule ni wa nini wakati elimu ni bila ada. Ni kweli, tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo imefika hadi kidato cha sita. Serikali hutenga ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Hiyo elfu kumi ilitokana na dola 10 zilizopangwa kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, wakati dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 1,000. Leo elfu kumi ni kama dola 4. Shule inabaki na pengo, na pengo hilo humrudia mzazi kama mchango wa chakula, mchango wa mlinzi, karatasi za mitihani. Juu ya hapo kuna sare, viatu, sweta, begi, kauntabuku za masomo yote, mkebe wa hesabu, nauli. Na akipangiwa bweni, godoro, mashuka, chandarua, ndoo na tranka. Kwa mtoto mmoja wa kidato cha kwanza tuchukue laki sita kama mfano. Kwa wengine ni pungufu, kwa wa shule binafsi ni awamu ya kwanza tu.

Kalenda nayo haimsaidii. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, hutangaza shule walizopangiwa watoto mwezi Desemba. Fomu ya kujiunga yenye orodha ya mahitaji inamfikia mzazi zikiwa zimebaki wiki mbili tatu. Wakati huo mahindi ya Ruvuma, Rukwa na Njombe yameshavunwa tangu kati ya Mei na Agosti, na mengi yameuzwa siku zile zile za mavuno bei ikiwa chini. Pamba ya Simiyu na Shinyanga nayo iliuzwa katikati ya mwaka. Januari ni mwezi wa palizi na mbolea. Fedha inatoka tu, haiingii. Mkulima wa korosho wa Mtwara na Lindi ndiye mwenye afadhali, kwa sababu minada yake huanza Oktoba. Mfanyakazi wa mshahara naye amelipwa mapema Desemba kwa ajili ya sikukuu, na hadi mshahara wa Januari zinaweza kupita wiki tano au zaidi. Familia inaweza kuwa na kipato cha kutosha mwaka mzima na bado ikakwama Januari. Mkopeshaji anaijua kalenda hiyo kuliko sisi.

Laki sita, miezi sita, asilimia 3.5

Kuna namna mbili za kupiga riba. Ya kwanza ni riba ya salio, yaani inayopungua: kila mwezi unatozwa riba kwa deni lililobaki tu. Kwa laki sita, riba 3.5 kwa mwezi na marejesho sita sawa, unalipa 112,600 kila mwezi. Inakwenda hivi:

Mwezi wa 1: riba 21,000, deni linashuka hadi 508,400.
Mwezi wa 2: riba 17,794, deni 413,594.
Mwezi wa 3: riba 14,476, deni 315,470.
Mwezi wa 4: riba 11,041, deni 213,911.
Mwezi wa 5: riba 7,487, deni 108,798.
Mwezi wa 6: riba 3,808, deni limeisha.

Riba yote kwa pamoja ni kama 75,600.

Namna ya pili ni riba isiyopungua, ambayo wengi huiita "flati". Hapa unatozwa 3.5 ya laki sita kila mwezi hadi mwisho, hata mwezi wa sita ambapo deni lililobaki ni kama laki moja. 21,000 mara sita ni 126,000. Rejesho linakuwa 121,000 kwa mwezi. Afisa mikopo wa kwanza na wa pili wote watasema "tatu na nusu", hakuna aliyedanganya, na bado wa pili amekutoza zaidi ya elfu hamsini juu ya mwenzake. Ukiigeuza riba yake iwe ya salio ili uilinganishe sawasawa, ni kama 5.7 kwa mwezi.

Iko njia ya haraka ya kufanya hesabu hiyo kwenye kikokotoo cha simu ukiwa bado umekaa mezani kwake. Chukua riba ya flati, zidisha kwa 2, zidisha kwa idadi ya marejesho, halafu gawanya kwa idadi ya marejesho ukiongeza moja. Hapa ni 3.5 × 2 × 6 ÷ 7, jibu ni 6. Inazidi ukweli kidogo, lakini inatosha kukuonyesha uko wapi.

Sasa tuje kwenye makato, maana hapa ndipo bei inapopanda kwa kasi. Fomu 15,000. Ada ya kuchakata mkopo asilimia 3, yaani 18,000. Bima asilimia 1, yaani 6,000. Jumla 39,000, na zinakatwa kabla hujapewa fedha. Unaondoka na 561,000, lakini marejesho yako bado ni 121,000 mara sita, kana kwamba ulipewa laki sita kamili. Riba halisi imefika 7.9 kwa mwezi.

Wengine huongeza "akiba ya lazima" ya asilimia 10, wanaishikilia na kusema utarudishiwa ukimaliza. Hiyo ni 60,000 yako ambayo unailipia riba huku imekaa kwao. Mkononi unabaki na 501,000. Hata ukirudishiwa hiyo 60,000 siku ya rejesho la mwisho bila mizengwe, riba halisi imekuwa karibu 9.4 kwa mwezi. Tulianza na 3.5. Hakuna tarakimu hata moja iliyofichwa kwenye mkataba. Zimetawanywa tu, moja kwenye fomu, nyingine kwenye risiti, nyingine imesemwa kwa mdomo.

Na tazama lingine. Mahitaji ya mtoto yalikuwa laki sita, mkononi zimekuja laki tano na elfu moja. Ile 99,000 iliyopungua mzazi anaitafuta kwa jirani au kwenye programu ya simu, na hapo mkopo wa pili umezaliwa siku ile ile ya wa kwanza. Ukilazimika kukopa, omba kiasi ambacho kikishakatwa kinabaki kile unachokihitaji. La sivyo usikope hapo.

Kausha damu na mikopo ya simu

Mikopo ya kulipa kila siku, ambayo watu huiita kausha damu, inaonekana midogo, na ndiyo maana inaumiza. Mfano wa kawaida: unakopa 100,000, unakatwa 10,000 ya fomu, unalipa 4,000 kila siku kwa siku 30. Watasema ni asilimia 20 kwa mwezi. Lakini ulipokea 90,000, na kuanzia kesho yake umeanza kuirudisha; kufika siku ya 15 umesharudisha 60,000. Ukipiga hesabu kwa salio, ni karibu asilimia 2 kwa siku. Mama anayeuza maandazi hana biashara inayozaa asilimia 2 halisi kila siku kwa mwezi mzima bila kukosa siku ya mvua wala siku ya mtoto kuugua. Kwa hiyo rejesho linatoka kwenye mtaji. Mtaji ukiisha anakopa kwa mwingine alipe huyu. Mtu akishafika hapo, tarehe ya kumaliza deni haipo tena.

Upande wa simu, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Dalili za programu ya kukimbia ni mbili. Inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako kabla haijakupa hata senti, na muda wa kulipa ni siku saba hadi kumi na nne badala ya mwezi. Ukichelewa, hayo majina ndiyo yanayopigiwa: mwajiri, mchungaji, wakwe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kuanza kufanya kazi, mtu ana pa kupeleka malalamiko ya aina hiyo, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi meseji na piga picha za skrini, tarehe zionekane.

Kabla ya sahihi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imegawa watoa huduma kwenye madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, na la nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Wengi wa nguzo za umeme wanajiita daraja la pili. Omba kuiona leseni ya Benki Kuu (BoT), kisha tafuta jina lao kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu, maana leseni ya biashara ya halmashauri siyo leseni ya kukopesha. Na kwa kuwa daraja la pili halipokei amana, ile "akiba ya lazima" ina kila sababu ya kuhojiwa. Muulize inawekwa kwa jina la nani, kwenye akaunti ipi, na kwa kifungu gani cha mkataba.

Uliza pia nikimaliza mapema inakuwaje. Kwenye flati, wengi wanakudai riba ya miezi yote hata ukilipa deni lote mwezi wa tatu. Uliza faini ya kuchelewa inapigwa kwa rejesho lililochelewa au kwa mkopo mzima. Tofauti yake ni kubwa sana. Uliza haya yote kabla ya kukabidhi kitambulisho, na majibu yaandikwe.

Kuna karatasi moja ambayo haipaswi kusainiwa kwa shida yoyote ile: mkataba wa mauziano. Baadhi ya wakopeshaji humtaka mkopaji asaini kwamba amewauzia pikipiki au kiwanja, wakisema ni dhamana tu. Ukikwama hawakudai tena mkopo, wanakuja kuchukua mali "waliyonunua", mara nyingi ya thamani kubwa kuliko deni lote. Dhamana inaandikwa kama dhamana. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi kwenye hilo, na mke au mume ambaye hakushirikishwa anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati za ardhi.

Walimu na wastaafu wana mtego wao: mkopeshaji anabaki na kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa kwanza yeye, tena anatoa anachotaka. Kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti ya benki yako mwenyewe, kwa hiyo akitoa zaidi ya deni huna pa kuegemea. Mtumishi anayekopa kwa njia halali ya makato ya mshahara analindwa na utaratibu wa theluthi moja: makato yote kwa pamoja yasimwache na chini ya theluthi ya mshahara. Mwenye deni la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akumbuke kwamba asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi imeshatangulia kwenye hesabu hiyo.

Kwa haki ya wakopeshaji waliosajiliwa, mkopo mdogo una gharama zake. Kumfuatilia mkopaji wa laki moja kunaweza kula mafuta na muda sawa na kumfuatilia wa milioni kumi, wengine wao wamekopa benki hizo fedha wanazokukopesha, na watu wapo wanaokimbia. Hiyo inaeleza kwa nini hawawezi kutoza kama benki, ambazo wastani wa riba yake ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Haielezi kwa nini bei itawanywe kwenye makato manne. Ningependa kuona kila mkopeshaji akilazimika kuandika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, shilingi zinazoingia mkononi na shilingi zinazorudi. Mistari miwili ingeokoa familia nyingi.

Mahali pa kuanzia badala ya mkopo

Anza na shule. Kwa shule ya serikali, viongozi wa elimu wamerudia karibu kila Januari kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare mpya, na mchango usimzuie kuingia darasani. Akirudishwa, nenda kwa afisa elimu wa kata, ikishindikana nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa shule binafsi, nenda kwa mhasibu mwezi Novemba, kabla ya msongamano, ukiwa na ratiba yako umeiandika: kiasi gani, tarehe ngapi. Shule nyingi hupokea ada kwa awamu nne na zinaweza kukubali kuigawa awamu ya kwanza mara mbili. Shule kukusubiri wiki sita hakuna riba. Mkopo wa mtaani kwa wiki hizo hizo unaijua bei yake.

Vitu vyenyewe vigawanye. Shule bado haijajulikana Oktoba, lakini viatu vyeusi, soksi, shati jeupe, mkebe, begi na kauntabuku havitegemei shule. Vinunue Septemba hadi Novemba, kimoja kimoja. Kinachosubiri fomu ni rangi ya sketi au suruali, sweta, na vitu vya bweni. Mwambie fundi aache pindo refu, kidato cha kwanza wanarefuka.

Mkulima wa mahindi anaweza kuweka akiba yake kwenye gunia. Badala ya kuuza yote Juni, magunia mawili au matatu yawekwe kwa ajili ya Januari, wakati bei kwa kawaida imepanda. Yaanikwe hadi unyevu ushuke kufika asilimia 13, ndipo yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa ya aina ya PICS, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ondoa hewa, sokota mdomo wa kila nailoni, ukunje na uufunge peke yake. Yanayoharibika huwa yamefungwa na unyevu yakaota ukungu, au panya ametoboa nailoni na dumuzi akapata hewa. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukifungua kuchungulia kila wiki, umeingiza hewa na kazi yote imeharibika.

Kisha kuna kikoba, na hapa hesabu inapendeza. Laki sita kwa wiki 48 ni 12,500 kwa wiki. Kikundi chenye hisa ya shilingi 2,500 na ukomo wa hisa tano kwa kikao kinafika hapo hapo. Riba ya mikopo ya ndani inarudi kwa wanachama wenyewe wakati wa mgao. Kinachoviangusha vikundi ni mambo yanayojulikana. Mikopo inatolewa hadi wiki ya mwisho, siku ya kuvunja, yaani siku ya mgao, fedha iko mikononi mwa watu badala ya sandukuni; simamisheni mikopo mipya wiki nane hadi kumi na mbili kabla. Funguo za kufuli tatu za sanduku zinakaa nyumba moja. Mhesabuji mmoja anaandika peke yake na hakuna anayesoma salio kwa sauti mwisho wa kikao. Na tarehe: vikundi vingi hugawana kabla ya Krismasi, fedha ya sare inageuka pilau na safari. Kikao cha kuvunja kisogezwe hadi wiki ya kwanza ya Januari, au fungu la shule lilipwe moja kwa moja kwa duka na kwa mhasibu wa shule.

Kwa anayehitaji kukopa kweli, SACCOS iangaliwe kabla ya mtaani. Nyingi hutoza riba ya salio, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Haikusaidii ukijiunga leo ukakope kesho, kwa sababu wanataka kuona akiba ya miezi kadhaa kwanza. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri haina riba, lakini ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya uzalishaji. Kuigeuza sare za shule ni kukiingiza kikundi kizima kwenye deni lisilozaa.

Familia nyingi bado hazijaingiza Januari 2028 kwenye mipango yake. Mtaala mpya umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, ukianza na watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024. Hao watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliokuwa la nne wakati huo watamaliza la saba. Mwenye watoto wawili waliofuatana madarasa hayo atapeleka wote wawili kidato cha kwanza kwa siku moja, na laki sita itakuwa milioni moja na laki mbili. Kwa hisa tano za 2,500 kila wiki, hizo ni wiki 96, yaani mizunguko miwili kamili ya kikoba, wa 2026 na wa 2027. Mgao wa mzunguko wa kwanza usikae nyumbani. Uende SACCOS au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS, kampuni ya serikali, kama Ukwasi, ambako unautoa unapouhitaji. Aliyechelewa kuanza agawe upya: milioni moja na laki mbili kwa wiki zilizobaki hadi wiki ya kwanza ya Januari 2028, na kwenye wiki hizo atoe zile za kupanda na kupalilia ambazo anajua hatakuwa na kitu cha kuweka.